Mtego Umejaa Madume

KAHINDI: Karibuni tena, tuko Malindi. Leo tuna mafunzo matatu ya kudhibiti wadudu wa nyanya. La kwanza...

MWANAISHA: Kahindi, ngoja. Juzi nilikuwa Sabaki kwa mjomba. Ule mtego wake wa beseni la maji umejaa Tuta, wale vipepeo wadogo wa usiku ambao viwavi wao hutoboa nyanya, hata maji huyaoni! Mjomba anashangilia, "Tumewamaliza!" Nikachuma jani nikaliinua juani. Kiwavi yumo ndani, kijani, anakula baina ya ngozi mbili za jani.

KAHINDI: Wale wa kwenye beseni ni madume watupu.

MWANAISHA: Watupu! Kile kidonge cha mpira kinachowekwa mtegoni kinanukia kama jike. Mabwana harusi wote wamekwenda kuzama.

KAHINDI: Na bibi harusi yuko zake kwenye mnyanya, anataga. Mmoja hufikisha mayai 260.

MWANAISHA: Dume mmoja akiponyoka, anaoa tena na tena.

KAHINDI: Basi harusi haikuvunjika.

MWANAISHA: Sikia hili sasa. Mwaka 2012 watafiti wa Ubelgiji waliwafungia majike peke yao maabara. Baadhi walitaga, na mayai yakaanguliwa.

KAHINDI: Bila bwana harusi?

MWANAISHA: Wallahi, bila! Ndiyo maana nasema mtego ni wa kukujulisha kwamba wameingia. Usiutegemee ukuokolee shamba.

KAHINDI: Hapo tuko pamoja. Sasa mjomba wako apige dawa kesho asubuhi.

MWANAISHA: Dawa gani? Ile inayoua kwa kumgusa mdudu haimfikii kiwavi aliye ndani ya jani. Inaua wale wadudu wazuri wanaokula mayai yake.

KAHINDI: Ziko zinazopenya jani.

MWANAISHA: Na wiki hii anachuma! Kibandiko cha chupa kinasema siku za kungoja kabla ya kuvuna. Watu watakula nini? Apige Bt, ile dawa ya bakteria, jioni, maana jua letu huiharibu upesi. Kiwavi akiila, anakufa.

KAHINDI: Aile akiwa mdogo, kabla hajaingia ndani ya jani. Waliokwisha kuingia kwenye tunda je? Yule mzee ana deni, Mwanaisha. Nyanya yenye tundu haina mnunuzi.

MWANAISHA: Na akirudia dawa ile ile kila wiki? Tuta ametoka Amerika Kusini, na huko dawa kadhaa alikwisha kuzizoea kabla hajafika Kenya 2014.

KAHINDI: Abadilishe, asirudie kundi moja la dawa. Lakini apige.

MWANAISHA: Asipige wiki ya kuchuma.

KAHINDI: Utamlipia deni wewe?

MWANAISHA: Wewe utawalisha wanao nyanya zile?

KAHINDI: ...Mimi sibanduki.

MWANAISHA: Wala mimi.

KAHINDI: Haya, tumebakiwa na dakika moja na mafunzo hatujayagusa. Mwarobaini, utitiri, inzi weupe...

MWANAISHA: Hayatoshei, yaache. Ila jamani, ng'oeni mnavu pembeni mwa shamba. Tuta hutaga hapo pia. Na zile nyanya zilizotobolewa msizitupe chini ya mche, zifungeni kwenye mfuko wa plastiki muuache ju...

KAHINDI: Juani, ndiyo! Muda umekwisha. Kwaherini!