Nyuzi Mbili Umeziuza Wapi?

HAJI: Haya tumerudi, mie yule yule na Makame yule yule, na leo kachelewa.

MAKAME: Sikuchelewa yakhe, weye ndo umewahi. Wambie ya Jumamosi.

HAJI: Ah! Jumamosi harusini Mwanakwerekwe, natoa gitaa langu la besi kwenye mfuko, bi mkubwa mmoja kalitazamaaa, akaanza kuhesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne. Ananambia, "Mwanangu, gitaa lina nyuzi sita, hizo mbili umeziuza wapi?"

MAKAME: Ndo mana wiki ile ulininunulia pweza Forodhani! Kumbe hela ya nyuzi.

HAJI: Besi lina nyuzi nne tu, yakhe! Mpaka bwana harusi kacheka. Sasa, leo tuliahidi kusema nani alonitia kwenye besi, kisha mambo matatu kwa anaeanza. Watu wakisikia Queen, ile bendi ya Uingereza, wanadhani Freddie Mercury, muimbaji wao, kwa vile kazaliwa hapa Mjini Unguja, 1946. Mie si Freddie. Mie John Deacon, mpiga besi wao, yule mkimya wa nyuma. Ile nyimbo Another One Bites the Dust ya 1980 kaitunga yeye, na unaijua kabla mtu hajafungua mdomo kuimba, dum, dum, dum, halafu kimya. Kile kimya ndo kilonimaliza, nlikuwa nairudisha kaseti ya kaka mpaka utepe ukaliwa.

MAKAME: Ukaiuza na kaseti.

HAJI: Ngoja! Na Deacon fundi yule, kasoma elektroniki, siku moja London kaokota kipande cha saketi jalalani, akakitia kwenye boksi la spika kuukuu, ikawa amplifaya ya betri ya volti 9, na Brian May, mpiga gitaa wa Queen, akairikodia gitaa.

MAKAME: Jalalani? Katazame, labda nyuzi zako zipo huko.

HAJI: Astaghfirullah.

MAKAME: Ila hapa sicheki. Weye mtoto wa Malindi, Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu, wapo toka 1905, besi kubwa lile la mbao wanalopiga wamesimama, ukilitia mkono ubavuni unalisikia linatetema. Ukaliacha, ukamfata Mzungu wa kwenye kaseti.

HAJI: Sikumfata, kanijia.

MAKAME: Mwalimu ni anaekugonga kidole ukikosea. Huyo hajakusikia hata siku moja.

HAJI: Na mie ndo nilipopapendea, nikosee peke yangu chumbani. Wale wazee wangenifukuza.

MAKAME: Hawajakufukuza. Hukwenda.

HAJI: Sikwenda, sawa. Ningekwenda wangenipa fidla nishike, kama kila mtoto, besi nisingeligusa.

MAKAME: Hilo hulijui.

HAJI: Na weye hulijui.

MAKAME: Mie naona ulipoteza.

HAJI: Mie sioni.

MAKAME: Haya... Mwenye chumba huyo anagonga mlango.

HAJI: Na yale mambo matatu?

MAKAME: Sema moja, mbio.

HAJI: Kateni kucha. La pili, hizi nyuzi...

MAKAME: Zipi, ulizobakisha?