Toledo ni mji au ni mtu? Haya, leo najibu

Haya jamani, karibuni tena. Chini ya kila video swali ni lile lile: "Mbona Wahispania wanaitwa majina ya miji?" Najibu, na asije mtu akasema naringia Kihispania. Nyie ndio mmeuliza.

Majina mengi ya kina dada huku Uhispania ni ya Bikira Maria, naye huitwa kwa mahali anapoheshimiwa. Montserrat ni mlima wenye monasteri karibu na Barcelona. Covadonga iko jimbo la Asturias. El Rocío ni kijiji cha mkoa wa Huelva. Ukiondoa hiyo "El", Rocío ni mtu. Catalonia, jimbo lenye Barcelona, ni kinyume: "la Montserrat" ni dada wa watu, Montserrat tupu ni mlima. Na África ni jina la mwanamke kabisa, kwa sababu Mama Yetu wa Afrika ndiye msimamizi wa Ceuta, mji wa Uhispania ulio pwani ya Afrika Kaskazini. Ukisikia "África kachelewa", usipandishe, bara halijatukanwa.

Toledo, Zamora, Soria, Cuenca ni miji, na pia ni majina ya ukoo. Kwenye fomu, tazama neno la pembeni: "apellido" ni ukoo, "localidad", "provincia" au "natural de" ni mahali.

Sasa makaratasi, na mtasema nalalamika. Fomu ina nafasi tatu: nombre (jina), primer apellido (ukoo wa kwanza, wa baba), segundo apellido (ukoo wa pili, wa mama). Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Asha Juma Hamisi akijaza kwa mfuatano huo, Juma anasomeka ukoo wa baba, Hamisi ukoo wa mama! Pasipoti yake ina Hamisi peke yake kwenye ukoo, basi benki inaona watu wawili. Fuata pasipoti: Asha Juma kwenye nombre, Hamisi kwenye primer apellido, ya tatu iache wazi. Kadi ya ukaazi ikitoka, isome herufi kwa herufi ukiwa bado dirishani, maana kupata miadi nyingine ni kazi.

Kwenye kuomba uraia wa Uhispania hiyo nafasi ya tatu haiachwi wazi: wanataka ukoo wa baba na wa mama, na wa mama ni ule wa kuzaliwa. Cheti chako cha kuzaliwa kikimwandika mama kwa jina la mumewe, unaweza kutoka Hamisi Hamisi. Kirekebishe nyumbani kwanza, ndipo umlipe mtafsiri aliyeapishwa. Ukigeuza mpangilio huo, tafsiri unailipia mara mbili. Ila kila mtu na faili lake, msije mkanishika shati.