Tarakimu Zinazopotea Kabla Hujaziona

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, nanyi mliotoka mjini, asanteni kwa kuja. Kuita fetch ya JavaScript kuomba data kwa seva mnajua, await ya kusubiri jibu mnajua, huko siendi. Nasema lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti: namba.

Anayechimba Ethereum Classic, sarafu ya kidijitali inayolipa kompyuta zinazothibitisha miamala yake, salio lake huhesabiwa kwa wei, kipande kidogo kabisa cha sarafu hiyo. Sarafu moja ni 1 ikifuatwa na sufuri 18. Sasa fungua konsoli ya kivinjari chako, andika 1234567890123456789, bonyeza enta. Umeona? Imerudi 1234567890123456800. Hakuna onyo, hakuna mstari mwekundu. JavaScript ina uhakika na namba kamili hadi 9,007,199,254,740,991. Ukivuka hapo, inakadiria.

"Si kuna BigInt, mwalimu?" Ipo, aina ya namba isiyokadiria namba kamili kubwa, ila unaiita saa ngapi? Hapo ndipo mnapoteleza. Seva ikituma salio bila alama za nukuu, JSON.parse, inayogeuza maandishi ya seva kuwa data, inalikadiria kabla msimbo wako haujaligusa. BigInt ukiileta baadaye inapokea namba iliyokwisha kuharibika. Na ukitumia maktaba ya msimbo ya kuvuta data za wachimbaji, kazi hiyo inafanyika ndani, wewe huioni. Kwa hiyo kabla ya kuisakinisha, fungua msimbo wake, soma pale jibu la seva linapopokelewa. Salio likija kama maandishi, lipeleke moja kwa moja kwenye BigInt, lisipitie Number, ile namba ya kawaida ya JavaScript, hata kidogo.

Yupo atakayesema hivyo ni vipande vidogo mno, nani atavijali? Sikubali! Jumlisha malipo ya wachimbaji wote wa kikundi kinachochimba pamoja, ulinganishe na jumla ya seva: hesabu zinakataa, na utakesha unamtafuta mwizi asiyekuwepo. Mkulima wa zabibu wa Hombolo akijua mzani unakula gramu, hamwambii mnunuzi kwamba ni chache. Anaukataa mzani.

Naonyeshwa saa. Haraka basi: fetch haihesabu 404 (kitu hakipo) wala 500 (seva imekwama) kuwa hitilafu, kagua mwenyewe response.ok, inayosema kama jibu limefaulu. Bloku ya Bitcoin, yaani fungu jipya la miamala, hutoka kwa wastani wa dakika 10, usiisumbue seva kila sekunde, utajibiwa 429, yaani maombi yamezidi. Mafunzo ya kuchimba Ethereum yenyewe yaacheni, uchimbaji huo ulikoma Septemba 2022. Ufunguo wa siri unaokuruhusu kuomba data ubaki kwenye seva yako, usiuandike kwenye ukurasa unaofunguliwa na kila mtu. Ugumu wa uchimbaji nao una mambo yake, lakini leo hatuufikii. Haya, maswali.