Jinsi ya kulipwa na serikali moja kwa moja kwenye akaunti, uache kukimbiza cheki

Haya jamani karibuni tena, leo niko karakana hapa Arua, Uganda, mkisikia msumeno huko nyuma mnisamehe, vijana wana madawati ya kumaliza na umeme umerudi saa hii hii so siwezi kuwaambia wazime. Leo sio mambo ya mbao. Leo ni pesa, jinsi gani wewe fundi ama mwenye duka, ama mama unayepikia watu wa mikutano, unalipwa na gombolola, yaani ofisi ya kata ndogo, ama wilaya kwenye akaunti yako.

Kwanza angalia hii karatasi. Sogeza simu kidogo... hapo. Hii ni kopi ya cheki niliyopewa zamani na ofisi moja, sitaitaja. Kwa namba wameandika 2,850,000, halafu soma maneno, milioni mbili na laki nane, basi, ile elfu hamsini imemezwa. Nimepanga foleni benki tangu asubuhi, yule dada wa dirishani akaiangalia akaigeuza akanirudishia, namba na maneno hayapatani. Narudi ofisini, mwenye kusaini yuko semina Kampala. Wiki mbili! Na mbao nilikopa.

Cheki bado zipo Uganda lakini zimebanwa, tangu Julai 2019 Benki Kuu haitaki cheki ya zaidi ya milioni 10, zamani ilikuwa 20. Na sio sisi tu, Marekani tarehe 25 Machi 2025 rais Trump alisaini amri kwamba hazina yao iache kutoa cheki za karatasi ikifika 30 Septemba mwaka huo huo, na kule kuna wazee walikuwa bado wanangoja pesa ya uzeeni iletwe na posta. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema mambo ya sistimu ya kulipa kwenye akaunti ni ya kutusumbua sisi wa kijijini, muonyeshe hii video.

Hatua ya kwanza ni jina, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoanguka. Toa karatasi zako zote uzipange mezani kama mimi hivi: kitambulisho cha taifa, cheti cha kusajili biashara, karatasi ya TIN, ile namba ya mlipa kodi kutoka URA, mamlaka ya mapato, na kitu chochote cha benki chenye jina la akaunti. Sasa soma herufi kwa herufi. Yangu mimi, cheti kinasema Works, benki waliandika Workshop. Mtu atasema si ni kitu kimoja? Kwako na kwangu ndiyo. Pesa ilitoka, ikafika benki, ikaona jina halifanani, ikarudi ilikotoka, na mimi nimekaa nyumbani nawalaumu watu wa fedha bure kumbe kosa lilikuwa langu. Wale wa Abdu na Abdul, wale jina la baba liko mbele huku na nyuma kule, nyinyi ndio naongea nanyi. Rekebisheni kabla hamjaomba kazi yoyote. Benki ukiwapelekea cheti chako wanabadilisha jina la akaunti, inachukua siku chache tu.

Ya pili, ukiwa huko huko benki waombe barua ya kuthibitisha akaunti, iwe kwenye karatasi yao yenye nembo, mhuri, jina kamili, namba ya akaunti na tawi. Na kama akaunti haijaguswa siku nyingi, uliza kama imelala. Ikiwa imelala waombe waiamshe, kwa sababu pesa ya serikali ikikuta akaunti imelala nayo inaweza kurudi.

Ya tatu, nenda ofisi ya fedha ya wale utakaowauzia, uombe fomu ya saplaya, yaani ya muuzaji. Ukijaza namba ya akaunti andika tarakimu moja moja polepole, na zile sifuri za mwanzo usiziruke, mimi huwa namwambia kijana anisomee kwenye barua ya benki huku naandika, halafu tunabadilishana. Ambatanisha kopi zote, weka na ya kwako ndani ya kavera, mfuko wa plastiki, mvua ya hapa mnaijua. Baada ya siku kadhaa rudi uulize swali moja tu, "nimeshaingia kwenye sistimu?" Usikubali jibu la "tunashughulikia". Omba namba yako ya saplaya uandike.

Ya nne, LPO, ile karatasi ya oda rasmi ya ofisi. Usipeleke hata kiti kimoja kwa maneno ya simu, hata kama anayepiga ni rafiki yako mmesoma wote. LPO kwanza, halafu mali, dilivari noti, karatasi ya kupokea mali, isainiwe siku hiyo hiyo na aliyepokea, ndipo invoisi. Jina kwenye invoisi liwe lile lile la kwenye akaunti, ndiyo, narudia tena.

Ya tano ni hesabu, msije mkapiga kelele meseji ikiingia. Kazi ikizidi milioni moja serikali inakata asilimia 6 ya kodi kabla haijakutumia. Umeuza madawati ya 4,000,000, inakatwa 240,000, kwako inaingia 3,760,000. Hujaibiwa. Dai karatasi ya kuonyesha umekatwa uiweke, ukienda kufanya ritani ya URA ile hela inahesabiwa kwamba umeshalipa. Mimi mwaka wa kwanza nilizitupa, nililia.

Sasa kalenda. Mwaka wa pesa wa serikali unaisha 30 Juni. Ukipeleka mali Juni katikati, na pesa ikarudi kwa sababu ya jina, hakuna muda wa kuituma tena, bajeti imefungwa, unakuwa kwenye orodha ya madeni ya zamani na hapo unaweza kungoja mpaka mtoto amalize darasa. Mimi mali yangu yote inafika kabla Mei haijaisha, nikichelewa hapo naacha kazi iende kwa mwingine.

Ukipigiwa simu na mtu anasema yuko hazina, pesa yako imekwama, mpe PIN ama ile namba ya siri iliyokuja kwa meseji aisukume, kata. Wa kulipa akaunti hahitaji PIN yako kwa kazi yoyote ile. Na yule wa "nitolee kitu kidogo niharakishe" naye mwambie unangoja.

Wale wa PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, najua mtauliza, ile milioni moja yenu inapita kwenye Wendi, pochi ya pesa ya kwenye simu, sio hii fomu, hiyo nitafanya video yake na shemeji yangu maana yeye ameshapata na mbuzi ameshanunua.

Ukikwama, niandikie hapo chini umekwama mstari gani wa fomu, lakini namba ya akaunti usiiweke huko tafadhali, wiki iliyopita mtu aliniandikia mpaka na PIN nikaifuta haraka haraka.