Kutengeneza vijiti vya HKUST-1 bila kuua vitundu vyake

Karibuni tena, wapendwa. Leo tunapika HKUST-1, fuwele yenye shaba na vitundu vidogo mno vya kunasia gesi, iliyotangazwa mwaka 1999 na watafiti wa Hong Kong. Ukizitandaza kuta za vitundu vyote vilivyomo kwenye gramu moja, unavuka mita za mraba 1,000! Ndiyo maana naipenda.

Miwani na glovu. Nitrati ya shaba gramu 0.875 kwenye maji mililita 12, asidi ya trimesiki gramu 0.42 kwenye ethanoli mililita 12. Changanya, mimina kwenye kikombe cha tefloni, kifunge ndani ya ganda lake la chuma, oveni nyuzi 120, saa 12. Kikombe kisijae, ndani kuna presha. Kikishapoa chenyewe, chuja, suuza kwa ethanoli. Unga wetu wa samawati huu hapa. Nimekusanya wa mapishi kadhaa.

Sasa sogeeni. Unga mtupu hupeperuka na kuziba mabomba ya gesi, lazima tuupe umbo. Msiupeleke kwenye mashine ya kugandamiza! Mara ya kwanza niliugandamiza nikapata vidonge vizuri, vinang'aa. Kuvipima, gesi haiingii. Kuta zilishavunjika, kazi ya wiki nzima imekwenda.

Tunatumia gundi: polivinili butirali iliyoyeyushwa kwenye ethanoli. Mimi sizidishi gramu 5 kwa gramu 100 za unga, kwani gundi nyingi huziba milango ya vitundu. Kanda iwe kama donge la kaimati... hapana, zito zaidi, kama la chapati. Jaza bomba la sindano, sukuma polepole. Ona, imekwama. Usiongeze nguvu! Narudia, usiongeze nguvu, utavunja kuta zile zile. Toa, tia matone mawili ya ethanoli, kanda upya. Haya, inashuka kama tambi. Ikauke, katakata.

Mwisho oveni ya vakyumu, yaani iliyonyonywa hewa, nyuzi 150, usiku kucha. Joto lipande taratibu, la sivyo vijiti vitapasuka. Maji yakishatoka vitunduni, samawati hugeuka buluu nzito, karibu na zambarau. Hapo ujue vitundu viko wazi.

Natoa... jamani, tazameni, hiki cha pembeni kimeshaanza kupauka! Ni unyevu wa Dar, unaingia huku tunaongea. Chupa iko wapi? Funga, funga upesi. Kimoja nakiacha kwenye mizani makusudi. Angalieni tarakimu ya mwisho: inapanda.