Mhadhara Unaoishia Rafuni: Kuandaa Mihadhara ya Wageni Maktabani

Ndugu wakutubi na wapenzi wa maktaba, hamjambo.

Mtu akitaka habari za vita, bei ya mafuta au muziki mpya, redio anayo na simu anayo. Hana haja ya kutoka nyumbani jioni aje kuketi ukumbini kusikia yaleyale. Kitu ambacho maktaba inacho na redio haina ni rafu. Mhadhara ukiisha na msikilizaji akashika njia ya mlango bila kugusa kitabu, tumetoa ukumbi tu, hatujafanya kazi ya maktaba. Yote nitakayosema, kuanzia barua ya mwaliko hadi mahali pa kuweka spika, yanaelekea huko.

Nianze na mada, maana hapo ndipo mifululizo mingi huharibikia. Ratiba hupangwa miezi mitatu au minne kabla, na habari huchakaa ndani ya wiki mbili. Ukiandika jina la tukio kwenye bango, siku ikifika tukio limegeuka au limesahaulika, na mgeni anabaki kusimulia gazeti la zamani. Shikeni jambo lililo chini ya tukio. Badala ya kutangaza ugomvi wa nchi mbili juu ya mto, andikeni: "Nani mwenye haki na maji ya mto unaovuka mipaka?" Ugomvi ukipoa, swali bado li hai, ukipamba moto, mgeni ana pa kuuingiza.

Tuutazame mto huo kwa karibu. Kwa mpangilio wa Dewey, ule unaopanga vitabu rafuni kwa namba za mada, maji kama rasilimali yako 333.91. Sayansi ya maji na mito iko 551.48. Sheria za kimataifa ziko 341, uhusiano wa nchi na nchi 327, na ngano za watu wanaoishi mtoni 398. Hizo ni rafu tano, pengine katika pembe tano za jengo. Msomaji hawezi kuziunganisha peke yake, na mgeni hazijui rafu zenu. Kuziunganisha ni kazi ya mkutubi, na kwangu mimi ndiyo kazi tamu kuliko zote katika shughuli nzima.

Wiki tatu kabla, mwombeni mgeni orodha ya vitabu, na mwambieni aweke humo waandishi wanaompinga. Ongezeeni mlivyo navyo hadi vifike kati ya 8 na 12. Asubuhi ya siku yenyewe vitoeni rafuni, mviweke mezani penye njia ambayo kila mtu lazima aipite akitoka. Kwenye kila kiti wekeni kikaratasi cha nusu A4 chenye majina ya vitabu na namba za rafu, ili aliyekosa nakala leo ajue pa kuitafuta kesho. Kisha, na hili ndilo linalosahaulika kuliko yote, kaunta ya kuazima ibaki wazi nusu saa baada ya mhadhara. Mara nyingi mtumishi wa kaunta huwa ameitwa kukunja viti, kompyuta imezimwa, na watu wamesimama na vitabu mikononi bila wa kuwaandikia. Wanavirudisha mezani, wanakwenda zao. Hamu ile hairudi siku ya pili.

Barua ya mwaliko iseme kila kitu: mada kwa sentensi moja, nani watakuwepo, dakika ngapi, ujira na nauli, kama mtarekodi, na rekodi itatumikaje. Ruhusa ya kurekodi ichukuliwe kwa maandishi kabla ya siku yenyewe. Akitaka kuonyesha kipande cha filamu au kupiga wimbo, ulizeni mapema nani mwenye haki zake. Kinachoruhusiwa ukumbini huenda kisiruhusiwe rekodi ikiwekwa kwenye intaneti.

Muda: dakika 40 za kuzungumza na 30 za maswali. Mwenye kusoma Kiswahili mbele ya watu kwa mwendo wa kueleweka humaliza takriban maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo maandishi yake yasizidi maneno 4,000. Mwambieni idadi hiyo, kwa sababu wengi huleta mara mbili yake, wakifika dakika ya 30 wanaanza kukimbia, na sehemu waliyoipania ndiyo inayopotea. Utambulisho wa mgeni uwe wa dakika mbili. Wasifu wake uwekwe kwenye kikaratasi, usisomwe.

Kuhusu mizani ya maoni, najua wengi hupenda kuwakalisha wapinzani wawili meza moja. Mimi sipendelei. Watu huja kuangalia nani kamshinda mwenzake, na hoja haipati muda wa kufunguka. Afadhali mada moja ichukue jioni tatu, kila mgeni apewe dakika zake zote 40, naye alete vitabu vyake. Ilani ya IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, na UNESCO ya mwaka 1994 kuhusu maktaba za umma inasema huduma na vitabu visiwekewe udhibiti wa kiitikadi, kisiasa wala kidini, wala shinikizo la kibiashara. Kwa hiyo anayefadhili viti au chai hachagui mada. Na mgombea asialikwe wakati wa kampeni, isipokuwa wagombea wote wamealikwa kwa masharti yaleyale.

Sasa sauti, kwa sababu mhadhara mzuri hufa kwa sauti mbovu. Spika zikae mbele ya msemaji, zikielekea watu. Zikiwa nyuma yake, maikrofoni inasikia sauti yake yenyewe na kupiga yowe. Akiishika, mkono ukae kwenye mpini. Ukifumbata kile kichwa cha wavu unaziba matundu ya nyuma yanayoisaidia kukataa sauti za pembeni, na yowe linaanza hapohapo. Umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni unatosha. Jaribuni watu wakiwa wamekwisha kuketi, maana ukumbi mtupu hudanganya: miili na nguo humeza mwangwi.

Mkiwa na wakalimani wa lugha ya alama, waiteni wawili, wapokezane kila dakika 20 hivi. Wapeni majina ya watu na istilahi za mada wiki moja kabla. Wasimame karibu na msemaji, na mwanga wao usizimwe projekta inapowashwa.

Maswali ndiyo sehemu inayotisha waandaaji, na wana sababu. Maikrofoni ikikabidhiwa msikilizaji, hotuba ya pili imeanza. Mtumishi aishike yeye mwenyewe. Pia gaweni kadi, zikusanywe dakika ya 35, na mwenyekiti aziweke pamoja zile zinazouliza jambo moja. Na atazame kwa makini anayepewa nafasi ya kwanza. Utafiti uliochapishwa 2018, uliofuatilia semina 247 za kitaaluma katika nchi 10, uliona kuwa wanawake waliuliza machache kuliko wanaume, na pengo lilikuwa kubwa zaidi pale mwanamume alipotangulia kuuliza. Mwenyekiti asichukue tu mkono ulioinuka haraka. Angoje kidogo, hesabu hadi kumi moyoni, na mikono mingine itainuka.

Maswali yasiyojibiwa msiyatupe. Yaandikeni, mtafute kitabu kinachojibu kila moja, mbandike majibu karibu na kaunta kabla ya wiki kwisha. Rekodi iingizwe kwenye katalogi kama kitabu chochote, ikiwa na jina la msemaji, tarehe, na dakika ambamo kila hoja inaanzia.

Naona kadi zenu zimeanza kupita. Nitaanza na za safu za nyuma.