Biskuti za Bibi na ile harufu kali

Hamjambo huko nyumbani? Natumaini mu wazima. Leo mezani kwangu hamna vyombo wala unga kama mlivyozoea, kuna hili kopo tu. Nimelifunga juzi usiku na sijaligusa. Leo ni siku ya tatu, na nimeahidi kulifungua mbele yenu. Ila kwanza niwaambie kilichomo, maana nimekitafuta kwa muda mrefu kweli.

Ni biskuti za sikukuu za Bibi, mama yake baba yangu.

Kila sikukuu ikibaki wiki moja, Bibi alioka biskuti ndogo za mviringo, nyeupe juu, zimepauka kahawia kidogo pembeni, na juu zina alama ya meno ya uma. Zikishapoa zinaingia kwenye kopo, kopo linapanda juu ya kabati, na hapo hakuna mtoto anayethubutu kunyanyua mkono. Siku yenyewe unapewa mbili. Ukiiweka mdomoni haikulazimu kuitafuna, ilikuwa inavunjika yenyewe, kavu, inageuka unga mtamu wenye hiliki. Nimeishi huku miaka sasa, nimekula biskuti za kila namna, na hiyo sijaionja tena.

Bibi alifariki miaka minne iliyopita. Alikuwa na daftari lake la mapishi. Mvua moja paa likavuja juu ya kabati, wino wote ukakimbia, kurasa zikashikana zikawa kitu kimoja. Sisi wajukuu tuko kumi na moja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa naye jikoni na kalamu. Hilo linaniuma mpaka leo, siwafichi.

Basi mwezi uliopita nikaanza kujaribu. Mara ya kwanza nilichukua vipimo vya kawaida: siagi, sukari, unga wa ngano, yai, bekingi pauda. Zikatoka laini, zimetanuka kwenye trei. Ilikuwa biskuti nzuri, lakini ya mtu mwingine.

Nikakaa nikawaza. Bibi hakuwa na siagi ya dukani, alikuwa na samli. Na hivi vitu viwili si kitu kimoja, jamani. Siagi ina mafuta kama asilimia 80, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Samli imechemshwa mpaka maji yakaisha, ni mafuta karibu matupu. Maji yakikutana na unga wa ngano yanaamsha ile nguvu ya kuvutika, ndiyo hiyo tunayoitaka kwenye mkate na hatuitaki kabisa kwenye biskuti ya kuvunjika.

Nikanunua samli. Huku ni baridi, samli imeganda kama jiwe, mimi nikaona niiyeyushe jikoni ili iwe rahisi. Nikaharibu. Samli iliyoyeyuka haishiki hewa hata uipige mpaka mkono ukatike. Donge likawa linatoa mafuta, biskuti zikalala chini kama sarafu. Mara ya tatu nikaiweka samli karibu na kipasha joto cha chumba, nikaingoja mpaka ikawa nzito kama uji ulioshika. Nikaipiga na sukari dakika kumi. Hapo ndipo nilipoona inabadilika, kutoka njano inaanza kuwa nyeupe na kuvimba. Nikakumbuka mkono wa Bibi kwenye bakuli, anasugua samli kwa kiganja, anazunguka, anazunguka, bila kusema neno. Kumbe alikuwa anaingiza hewa.

Hizo zilikaribia. Ladha ilikuwepo. Lakini bado ndani zilikuwa nzito, unatafuna, haivunjiki yenyewe. Nikampigia Shangazi.

Nikamwamkia, akaitika, tukaulizana hali, ndipo nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, unakumbuka tulivyokuwa tunawafukuza jikoni biskuti zikiwa motoni?"

Nikamwambia nakumbuka, mlikuwa mnaogopa tutaiba.

"Nani kakwambia? Mlikuwa mtaumia macho. Mama alikuwa anaweka ile kali."

Ile kali! Nilipolisikia hilo neno nilisimama. Maana palepale harufu ilinirudia, ile ya kupanda puani biskuti zikiwa motoni, kama unapita saluni watu wanapakwa dawa ya nywele. Miaka yote nilikuwa nakumbuka hiliki, kumbe hiyo nyingine niliisahau kabisa. Shangazi akasema ilikuwa unga mweupe kwenye kichupa, kifuniko kimefungwa na nailoni juu, kwa sababu ukiuacha wazi unapungua wenyewe mpaka unaisha.

Unga mweupe, unanuka amonia, ukiachwa wazi unatoweka. Nikajua. Hiyo ni amonia ya kuokea, kwa jina la kitaalamu amoniamu bikaboneti. Waokaji walikuwa wanaitumia kabla bekingi pauda haijaanza kuuzwa katika karne ya 19, na zamani hasa ilitengenezwa kwa kuchoma pembe za kulungu, ndiyo maana Uswidi na Norwe mpaka leo inaitwa chumvi ya pembe ya kulungu na bado wanaiokea biskuti.

Sasa sikilizeni inavyofanya kazi, maana hapa ndipo siri ya Bibi ilipo. Ikifika joto la nyuzi kama 60 tu, inavunjika yote na kuwa gesi: amonia, kaboni dioksaidi na mvuke. Yote inapanda, inainua donge, inatoka. Haibakishi chumvi ndani wala ladha. Bekingi pauda yenyewe huacha kitu nyuma. Ndiyo maana biskuti ya Bibi ilikuwa nyepesi na kavu vile, ilikuwa imejaa vijishimo ambavyo gesi imeviacha.

Lakini tahadhari, na hili nalisema kwa uzito. Msiiweke kwenye keki. Keki ni nene na ina unyevu, amonia inanasa kwenye maji na hamtaweza kuila. Ni ya biskuti ndogo, nyembamba, zinazokauka. Donge bichi msilionje. Mkifungua oveni, rudisheni uso nyuma, dirisha liwe wazi, na watoto wafukuzeni jikoni kama tulivyofukuzwa sisi. Na mkinunua, hakikisheni ni ile ya chakula, si ya kusafishia nyumba. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kikabaki kipimo. Shangazi alikumbuka "vikombe viwili vya unga", lakini kikombe gani? Akaenda kabatini, akarudi na kile kikombe cha bati chenyewe, cheupe, mdomo wa bluu, kimebanduka pembeni pale mpini uliposhika. Nilipokiona kwenye simu nilishindwa kuongea kidogo. Nikamwomba achukue chupa ya maji ya nusu lita, aijaze, amimine kwenye kikombe mpaka kijae. Akamimina polepole, simu ameiegemeza kwenye sukari, ameinama anaangalia mdomo wa kikombe. Yakabaki maji kidogo chini ya nusu ya chupa. Akapima yaliyobaki kwa chupa ndogo ya dawa yenye mistari: mililita 200. Basi kikombe cha Bibi ni mililita 300. Nikachota unga kwa chombo cha kiasi hicho mara mbili, nikauweka kwenye mizani, ukaja gramu 340.

Kwa hiyo andikeni, tafadhali. Unga wa ngano gramu 340. Samli gramu 170, iliyoshika, siyo ya maji. Sukari iliyosagwa gramu 130. Yai moja. Hiliki kijiko kidogo kimoja, muitoe kwenye maganda na kuitwanga siku hiyohiyo, kwa sababu iliyosagwa zamani harufu yake imeshakwenda. Amonia gramu 4, muikoroge kwenye vijiko viwili vikubwa vya maziwa ya uvuguvugu, si ya moto, la sivyo itaishia kwenye kikombe. Pigeni samli na sukari mpaka iwe nyeupe, yai, maziwa, halafu unga na hiliki, changanyeni kwa vidole na mwache mara tu linaposhikana. Msikande! Viduara vidogo, bonyezeni na uma. Oveni nyuzi 170, dakika 15 au zaidi kidogo, mpaka pembeni zianze kubadilika rangi.

Nilipofungua oveni juzi, ile harufu ilinipiga usoni, macho yakajaa machozi. Sehemu yake ilikuwa amonia.

Nikamwambia Shangazi ziko tayari, nataka kuonja. Akasema usiguse, Mama alikuwa anaziacha siku tatu. Hiliki iingie, ule ukali uliobaki utoke.

Siku tatu zimetimia. Nafungua.

Hakuna ile harufu kali tena. Ni hiliki tupu. Angalieni rangi... alama za uma hizo. Subirini.

Mm.

Imevunjika yenyewe. Sijatafuna.

Hiliki nimeizidisha kidogo, Bibi alikuwa na mkono mwepesi zaidi yangu. Lakini ndiyo hii. Ndiyo hii, jamani. Ngojeni nimpigie Shangazi, nataka niivunje nyingine karibu na simu aisikie.